Mikono Miwili ya Kushoto

...na swali lenyewe halikuwa gumu, lilikuwa swali ambalo msichana wa duka la dawa humuuliza kila mtu, "Mama, kuna dawa zingine unakunywa?", kalamu imesimama juu ya kitabu, uso umeinuliwa kidogo, wala hakuonekana mwenye haraka, kibao kifuani kilisema Jepchirchir, na Waiyego, fundi wa cherehani wa miaka hamsini na miwili, mtu wa kukadiria kiuno cha mpita njia akiwa ng'ambo ya barabara, aliubana mkoba kwapani, maana jibu lilikuwa humo, ndani ya kopo la sindano, chini ya kitana na funguo za kibanda, na nyuma yake kwenye foleni, karibu kiasi cha kumsikia akipumua, alisimama Cherono wa kanisani. Ndiyo, iko moja, ya wasiwasi. Maneno matano tu. Hizi za homoni alizokuja kuchukua hazikumpa shida kuzitaja, amezianza wiki nne zilizopita, daktari wa akina mama alimwandikia kwa sababu ya lile joto linalotoka kifuani na kupanda shingoni kama mtu amefunua sufuria ya githeri chini ya kidevu chako, Julai yote Eldoret wamevaa makoti na yeye anajipepea na patani, ile karatasi ya kukatia nguo, na joto limepungua kweli, shukrani kwa daktari, ila daktari huyo naye aliuliza kama kuna dawa nyingine, akajibiwa hakuna, haraka, kama mtu anayevuta mlango kabla mgeni hajaona vyombo vichafu... "Mama Muigai, na hicho kidole?" Cherono alikuwa amechungulia begani kwa Waiyego, "umepigana na nani?" "Na cherehani," akasema, "imenishinda," na mzee mmoja kwenye foleni akacheka, na Cherono akacheka, kile kicheko chake cha kutikisa mabega, lakini Waiyego hakusema imemshindaje. Alikuwa amesinzia. Jumatatu, saa nne asubuhi, jua dirishani, mguu bado unakanyaga, na sindano ikapita katikati ya ukucha. Na siku mbili kabla ya hapo ile kazi ya Cherono mwenyewe, gauni la koito, sherehe ya mahari ya binti yake Chepkorir ni wiki ijayo, kitambaa cha rangi ya zambarau alichokinunua Cherono kwa kuzunguka maduka matano, Waiyego akakikata mikono miwili yote ya kushoto, akasahau kugeuza patani, kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza, miaka thelathini kazini hajawahi, akakaa akiitazama ile mikono mezani kama ya mtu ambaye hajazaliwa, kisha akaikunja na kuificha nyuma ya jora la kitambaa cha yunifomu. "Nauliza," Jepchirchir alikuwa akisema, taratibu, "kwa sababu ziko dawa zingine, ukichanganya na homoni, zinaweza kukaa mwilini zaidi, mtu anajikuta anasinzia ovyo. Si lazima. Inategemea dawa na mtu." Anasinzia ovyo. Kwa hiyo si uzee, si kwamba mikono yake imeisha... jana, kwa kushuku tu, aliwaza aache dawa moja kimyakimya, akaweka kidonge cha wasiwasi kwenye meza ya kukatia na kukipasua kwa mkasi wa vitambaa, nusu ikaruka sakafuni kati ya vipande vya uzi, akapiga magoti kuitafuta, akajiona, mwanamke mzima akipapasa sakafu, akajicheka. Angemwambia nani? Gerishon, mume wake, yuko kwenye viazi Burnt Forest, kule walikofukuzwa kwa moto baada ya uchaguzi, aliweza kurudi, yeye Waiyego hakuweza, akabaki hapa mjini, mtaa wa West Indies, na cherehani, na hakuna aliyemlaumu mwenzake. Angesema sasa basi. Lakini mwezi wa tatu alisimama mbele ya kanisa, "Bwana asifiwe," wakaitikia, akasema tangu tulipotoka kule na nguo za mwilini tu, nikisikia moshi, hata wa mtu anayechoma takataka, najikuta nimeshatoka mbio, lakini sasa Bwana ameniondolea hofu, na kanisa zima likasimama, na Cherono, aliyekulia kulekule, ng'ambo ya barabara, upande wa waliowafukuza, kwa watu ambao Waiyego kwa miaka mingi hakuweza kuwasalimia bila kukaza taya, alitoka kwenye kwaya na kumkumbatia, akalia hadi kitambaa cha kichwa kikalowa. Wiki sita kabla ya ushuhuda huo alikuwa ameanza vidonge. Kimoja kila jioni. Hakusema uongo, hofu ilikuwa imepungua kweli, na alimshukuru Mungu kweli, aliacha kipande kimoja tu... Na baada ya siku hiyo Cherono anakuja kila Jumamosi na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, wanakaa, wanasengenya kwaya kidogo, na kama ushuhuda una kipande kilichofichwa, je, hizo Jumamosi ni za nani, anakuja kwa mwanamke gani? Hilo ndilo lililomzuia, si vidonge, kwamba Cherono atasikia maneno matano na Jumamosi kibuyu hakitakuja. "Mpe nafasi afikirie," Cherono alikuwa akimwambia mzee aliyekuwa ameanza kuguna, "sisi wamama dawa zetu ni nyingi, mzee, wewe una Panadol tu," na watu wakacheka tena, na katika kicheko hicho, bila kuitwa, Jumamosi moja ya mwezi wa sita ikamjia, jirani alikuwa amewasha takataka nyuma ya ukuta, Waiyego ameinamia pindo la sketi, harufu haijamfikia bado, au imemfikia na mwili haujakubali, na Cherono, katikati ya kusimulia habari za ng'ombe wake, aliinuka na kufunga dirisha, akarudi kukaa, akaendelea na ng'ombe palepale alipoachia. Hakutaja moshi. Wala Jumamosi iliyofuata, alipolifunga tena. Waiyego alishika ukingo wa kaunta. Mtu anayeamini kwamba hofu imekwisha, anamfungia nani dirisha? Amejua haijaisha. Muda wote huo amejua, na kibuyu kimekuja. Kitu kilichokuwa kimebana chini ya mbavu kikalegea, polepole, kama mshono unaofumuliwa uzi mmoja mmoja bila kuchana kitambaa, na akawaza kwamba zambarau ya mikono labda bado ipo katika yale maduka matano, wangekwenda pamoja, Cherono angemtukana njia nzima na angekuwa na haki. "Mama?" Jepchirchir aliuliza tena, kalamu palepale, "hatukuambii uache kitu, usiache chochote ghafla, tutampigia daktari tu. Kuna dawa zingine?" Waiyego aliingiza mkono mkobani, akapita kitana, akapita funguo, akalishika kopo la sindano, na kabla hajafungua kinywa akageuka kidogo, si sana, kiasi cha Cherono naye kuyasikia yale maneno matano.