Ngozi ya Chumvi

"Ilambe, basi! Kama haina chumvi, ilambe mbele ya watu!"

Jepkemboi alikuwa ameushika ule mfuko wa bastola kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika panya kwa mkia, na ameusogeza mpaka chini ya pua ya Mzee Wanzala. Wapangaji wote wa ploti walikuwa nje. Waliokuwa wakifua walikuwa wameziacha nguo kwenye povu, na Rachael wa nyumba namba sita, ambaye siku zote husema yeye si mtu wa mambo ya watu, alikuwa ameshaleta kiti chake.

"Mimi nilambe ngozi?" Wanzala akauliza. "Mimi ni mbwa, afande?"

"Wewe ni fundi. Fundi anaogopa kazi yake?"

"Miaka ishirini na saba nashona ngozi hapa Amalemba! Viatu vyangu viko Butere, viko Kabras, vinakanyaga matope kila siku, na hakuna mtu amekujanga kunipigia kerere mlangoni. Ni wewe tu."

"Viatu havishiki kutu, mzee!"

Watu wakacheka, na kicheko kile kikamwongezea Jepkemboi moto. Wao walikuwa wamepata sinema ya bure asubuhi. Yeye alikuwa polisi, mlinzi wa hakimu mmoja wa pale mjini, na bastola ilikaa kiunoni mwake kutwa, jua liwake, mvua inyeshe. Kwa miezi miwili ilikuwa ikishinda ndani ya mfuko huu alioshonewa na Wanzala, jirani wa ukuta mmoja. Leo ameichomoa aifute, maana saa nane mkaguzi wa silaha angekuwa kituoni, akakuta ubavu mzima wa chuma umeota vipele vya rangi ya udongo. Kutu, na kwake kutu hiyo ilikuwa ya chumvi iliyobaki kwenye ngozi. Na alikuwa ameshaonywa mara moja juu ya silaha yake. Onyo la pili lingemtoa kwa hakimu na kumtupa kaskazini huko, kambini, ambako mtu haendi na mtoto wa miaka minne. Mitchel angebaki na nani? Hilo ndilo lililokuwa likipiga kelele ndani ya kelele zake.

"Hebu nikuulize," Wanzala akasema, akijishika kiuno. "Usiku hiyo bastola inalala wapi?"

"Inalala ndani ya mfuko wake. Ilale wapi tena?"

"Mnasikia?" Wanzala akawageukia watu. "Ametembea nayo kutwa, ngozi imekunywa jasho, imekunywa mvua, halafu anaifungia humo mpaka asubuhi! Hata kiatu unakivuanga ukilala, mama!"

"Aaah!" wakaitikia wale wa kwenye beseni, ambao dakika moja nyuma walikuwa upande wa Jepkemboi.

"Na ulipokuwa unanipa mbona hukusema?" Jepkemboi akamrudishia. " Au ulisahau mdomo kichinjioni ulikoitoa hiyo ngozi?"

Hilo lilimchoma mzee. Akaunyakua mfuko, akatoa ulimi, akaulamba kuanzia juu hadi chini, huku amemkazia macho.

"Chumvi ipo," akasema. "Lakini ni jasho lako."

"Jasho langu umelionjea wapi?"

Hapo hata mtoto mdogo alicheka. Rachael akanyoosha mkono: "Hebu na mimi." Akalamba, akafumba macho kama anayeonja mchuzi, akasema anasikia chumvi ya ngozi kabisa. Wekesa wa bodaboda naye akalamba, akasema yeye anasikia mafuta ya kujipaka. Ukaanza ubishi mwingine mpya, wa ndimi, na mfuko ukawa unapita mkono hadi mkono. Jepkemboi akauona unavyozunguka, akaona ni maisha ya mwanawe yanayochezewa vile.

"Nyinyi ni wajinga!" akafoka. "Wote! Mimi nafukuzwa hapa leo, na nyinyi mnalamba na kucheka!"

Wakati huo wote Muhonja, mke wa Wanzala, alikuwa ameketi mlangoni pake, nyuma ya cherehani. Sasa akainuka, akaingia ndani, akatoka na ukanda wa ngozi mrefu kama kiganja.

"Baba Osundwa," akamwambia mumewe. "Hiki ni kipande kilichobaki kwa ngozi ile ile. Hakuna mtu amekivaa. Hakina jasho la mtu. Onja hiki."

Wanzala akamtazama mkewe vibaya sana. Akakipokea. Akakishika muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akakigusisha kwenye ncha ya ulimi. Akameza mate.

"Ina chumvi," akasema.

Kila mtu pale alijua ngozi ya kichinjioni hupakwa chumvi isioze, na fundi huiloweka na kuisuuza, maji baada ya maji, kabla ya kuitia maganda ya miti. Wanzala akavuta pumzi.

"Mimi nilikuambia wiki mbili. Wewe ukasema unataka Ijumaa. Ukasimama hapa hapa, na nguo yako ya serikali, ukasema Ijumaa."

Ilikuwa kweli. Jepkemboi alikumbuka hata sauti aliyoitumia, ile ya kuamrisha watu barabarani, na akazidi kukasirika, kwa sababu hasira yake sasa ilikuwa imepunguziwa haki.

"Na wewe ukakubali!"

"Nikakubali. Nikailoweka usiku mmoja badala ya siku tatu." Wanzala akakitupa kile kipande juu ya cherehani. "Ningekataa. Fundi ni mimi, si wewe. Ningekuambia hapana, uende na hasira zako."

Saa sita ilikuwa imekaribia. Wekesa akaja mbio na karatasi ya msasa, Rachael akaita kwamba dawa ni ndimu na majivu, na Jepkemboi alikuwa ameshaunyoosha mkono kuuchukua ule msasa.

"Wacha!" Wanzala akanguruma. "Ukisugua na hiyo utaondoa ile rangi nyeusi, chuma kibaki uchi. Kesho kutu ingine. Mama Osundwa, lete mafuta ya cherehani na fulana kuukuu."

Jepkemboi akavichukua, akaingia kwake, akafunga mlango, akatoa risasi zote na kuziweka mbali, kisha akaifungua bastola. Mzee akabaki nje, maana hiyo hakuruhusiwa hata kuiangalia. Kazi ikaenda kwa kelele za mlangoni.

"Umepaka?"

"Nimepaka!"

"Kidogo tu, usiioshe. Wacha ikae, mafuta yaingie chini ya kutu. Sasa futa porepore."

"Nafuta!"

"Futa tena."

"Mzee, nitatoka hapo nje!"

"Toka ukimaliza. Futa tena. Ikitoka, paka mafuta membamba, halafu hiyo mikono yako yenye jasho usiiguse tena."

Fulana ikageuka rangi ya udongo. Chuma kikarudi cheusi, ila karibu na mdomo vilibaki vitobo vitatu vidogo ambavyo mafuta yasingeweza kuviziba. Jepkemboi akavifuta tena bure, akaiunganisha bastola. Alipofungua mlango, Wanzala alikuwa amevaa koti lake la kanisani.

"Naenda na wewe."

"Kufanya nini?"

"Kusema."

Kituoni mkaguzi aliviona vile vitobo kabla hata hajaketi. Jepkemboi alisema mwenyewe: ameilaza ndani ya ngozi miezi miwili, hakuifuta jioni, na mfuko hakupewa na serikali. Wanzala aliweka kile kipande mezani akasema chumvi ni yake. Mkaguzi alikinusa, akakunja uso, akaandika. Bastola ingebaki ghalani wiki moja. Jepkemboi angeandika maelezo, na angetumia mfuko wa kazini peke yake. Onyo la pili hakuandikiwa, na kwa hakimu angebaki, lakini akikosea tena angehamishwa bila kuulizwa neno.

Walirudi pamoja. Jepkemboi alikuwa na hasira na mzee, na nafsi yake, na kila ulimi uliogusa ule mfuko. Langoni ploti ilikuwa inangoja, na Rachael amesimama mbele kabisa.

"Haya, leteni habari! Imekuwaje?"

Jepkemboi akampita, akaanza kupambana na kufuli ya mlango wake. Muhonja akatoka, mikono ina unga wa ugali.

"Mama Mitch, wacha hiyo kufuri. Mtoto amekula, amelala kwangu. Nimechinja ingokho, kuku mzima."

"Mama, asante, lakini mimi bado nina hasira na mzee wako. Nyingi."

"Na mimi ninazo, tangu asubuhi," Muhonja akasema, akimshika mkono kumvutia mlangoni. "Ingia nazo hivyo hivyo, nawa mikono. Obusuma inapoa, na ugali baridi haulikangi."