Kofia za Wageni

"Sita," mumewe alihesabu. Mama Pacha akaruka tena, mkono mmoja umeshika kamba ya kuanikia nguo. "Saba."

Ukuta wa choo ukaanza kuinama. Akaketi palepale uani, kwenye maji ya kufulia, akatapika pembeni.

"Jana ulifika tisa, mke wangu."

"Jana sikuwa nimekula."

"Daktari alisema utembee. Dakika kumi, kichwa kikizunguka upumzike. Hakusema uruke kama chura."

"Kwani daktari ndiye anayefungua geti la kiwanda?"

Wiki tatu nyuma, katoni ya sabuni ilimwangukia kichwani ghalani. Mtikisiko mdogo wa ubongo, daktari aliandika kwenye barua. Ni kweli ulikuwa mdogo: hakuvunjika kitu, wala hakusahau jina la mtu. Ila akiinama, dunia nayo inainama.

Kiwandani barua hiyo haikusomwa. Wao wana dawa yao: kila asubuhi kabla ya kazi, mazoezi ya afya, kuruka mara ishirini kwa filimbi ya msimamizi. Anayetoka ugonjwani akishindwa kuzimaliza, nafasi yake anapewa mmoja wa wale wanaosubiri getini.

Jumatatu akaenda.

Msimamizi alikuwa mtu wa tumbo kubwa, na hakuna aliyewahi kumwona akiruka hata dimbwi.

"Karibu, mgonjwa wetu. Kichwa kimepona, au bado kinataka likizo?"

"Kimepona, bosi."

"Bosi amwazime chake, hakina kazi," mtu alinong'ona nyuma. Wakacheka puani.

Siku hiyo mkaguzi wa usalama kazini alikuwa anakuja. Msimamizi akafungua kufuli la kabati, akatoa kofia ngumu za njano, bado zimo kwenye nailoni. Wote walizijua. Zilitoka mkaguzi akifika, zikarudi mkaguzi akiondoka. Siku katoni ilipoanguka zilikuwa humo humo, hatua kumi kutoka kwake, zimetulia salama.

"Wewe simama mbele," alimwambia Mama Pacha. "Mgeni aone tunavyowatunza waliopata ajali."

Mkaguzi alipoingia na daftari lake, msimamizi akafumba macho, akamwomba Mungu kwa sauti nene awalinde wafanyakazi wote. Mama Pacha hakuitikia amina yake. Aliomba la kwake, fupi: Ishirini tu, Baba.

Filimbi ikalia.

Kofia ilikuwa kubwa. Kila akitua, ilimgonga palepale katoni ilipomwangukia. Tisa. Kumi. Sakafu ikalainika kama godoro. Kumi na nne. Kumi na saba akaona wakaguzi wawili, akawatabasamia wote wawili, asije akamkosea mmoja. Kumi na tisa, mkanda wa kidevuni ukafunguka, kofia ikaruka upande huu, yeye akaanguka upande ule.

Msimamizi alikimbia. Jamani, alikimbia! Alimruka Mama Pacha miguuni, akapiga magoti, akaiokota kofia. Akaipangusa vumbi kwa mkono wa shati, akaigeuza kwenye mwanga kutafuta ufa.

"Haina kitu," alimwambia mkaguzi, akihema. "Nzima kabisa."

Mkaguzi akaandika.

Msimamizi akaibana kofia kwapani, akarudisha filimbi mdomoni, akapuliza ya ishirini. Wenzake Mama Pacha wakaruka.