Karani wa Sura ya Tisa

Walimu wenzake walimcheka alipoingia darasani na riwaya badala ya kitabu cha uchumi. "Bwana Ugavi siku hizi kawa mtu wa hadithi," walisema ofisini, wakikoroga chai yao. Jina hilo alipewa na wanafunzi, maana hakumaliza kipindi bila kuchora ubaoni mistari miwili ya ugavi na mahitaji, mmoja unapanda na mwingine unashuka, kisha kugonga chaki pale inapokutana mpaka ivunjike. Lakini kidato cha tatu walikuwa wanamlalia usingizi. Walikariri maana ya ukiritimba neno kwa neno, wakafaulu, wakaisahau kabla wino haujakauka. Ndipo akafukua stoo nakala kumi na mbili za riwaya iliyochakaa, akawagawia wasome wanne wanne.

Riwaya yenyewe ilihusu tajiri wa mashamba ya chumvi. Wafanyakazi wake hawalipwi fedha, wanalipwa vibati, vipande vya bati vyenye chapa yake, na vibati hivyo havipokelewi popote ila kwenye duka la tajiri huyo huyo. Unga anaupandisha bei apendavyo, kwani nani mwingine anauza? Kuna pia karani wa kupima magunia, ambaye yeye na wanawe wanakaa bure kwenye nyumba ya tajiri. Katika sura ya tisa, mjane analeta magunia saba. Karani anaandika saba. Tajiri anakohoa nyuma yake. Karani anafuta, anaandika tano.

Darasa liliamka, tena kwa kishindo. Wengine walimlilia mjane, wengine walitaka kumpiga tajiri.

"Haya, kwa nini karani haondoki?" Ugavi aliuliza.

"Mwoga!" darasa zima likapaza sauti.

Aliyewashinda wote kwa kelele alikuwa Mbona, binti mwembamba aliyeitwa hivyo kwa sababu kila alipofungua kinywa neno hilo ndilo lililotangulia. "Mbona miguu anayo, mwalimu? Si aondoke zake!"

Wakaangua kicheko. Ugavi naye akacheka. Yeye, mkewe na watoto wao watatu walikaa vyumba viwili vya shule, nyuma ya ukumbi, na wawili kati ya watoto hao walisoma pale pale bila kulipa ada. Hilo hakupenda kulifikiria akiwa ameshika chaki.

Sasa, mwalimu huyu alikuwa na desturi yake. Kila alipotoa mtihani, jibu bora alilibandika kwenye ubao wa matangazo, nje ya ofisi, ili wengine wajifunze. Safari hii swali lilikuwa: eleza ukiritimba kwa mfano kutoka riwayani au kutoka maisha ya kila siku. Hayo maneno ya maisha ya kila siku aliyaongeza mwenyewe, kwa kuwa mstari ulikuwa na nafasi. Akasahihisha karatasi arobaini na tatu kwa mkupuo mmoja. Alipofika kwa Mbona macho yalikuwa mazito, na ukurasa wa kwanza ulikuwa safi kiasi kwamba aliandika ishirini juu ya ishirini, akaenda kubandika kurasa zote mbili. Wa pili hakuusoma.

Ukurasa wa pili ulisema: "Shule yetu ni ya bweni na geti halifunguliwi mpaka likizo. Duka ni moja tu, la mke wa Mkuu wa Shule. Mche wa sabuni unakatwa vipande sita, na kipande kimoja kinauzwa nusu ya bei ya mche mzima. Mbona tunanunua? Kwa sababu hatuna pengine pa kwenda. Yule tajiri wa chumvi angeona wivu."

Kufikia mapumziko ya saa nne, mbele ya ubao hapakuwa na pa kukanyaga. Ugavi alijipenyeza, akasoma, akasoma tena. Jasho lilimtoka. Na bado, ndani ya hofu hiyo, alijua kwamba ukurasa wa pili ulikuwa bora kuliko wa kwanza. Miaka kumi na moja ya kufundisha, hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwelewa vile.

Mkuu wa Shule hakufoka. Heri angefoka.

"Kaa, mwalimu. Ni wewe uliyesahihisha?"

"Ni mimi, Mkuu. Ila ukurasa wa pili sikuusoma."

Alijichukia papo hapo kwa kusema vile. Mkuu akavuta droo, akatoa karatasi, akaiweka mezani taratibu. Ugavi aliitambua. Ulikuwa mkataba wake wa mwaka unaofuata, na mahali pa sahihi palikuwa peupe.

"Saa sita una kipindi nao," Mkuu alisema. "Utawaambia jibu hilo si sahihi. Utafuta ishirini, uandike sifuri, wote wakiona. Na hizo hadithi zako zirudi stoo."

Ugavi alikwenda nyumbani kwanza. Mkewe alikuwa anaanika nguo, akasikiliza yote bila kumkatiza.

"Baba watoto, sikwambii ufanye nini," alisema mwishowe. "Ila tukitoka hapa, tunakwenda wapi?"

Miguu ikampeleka getini.

"Kibali unacho, mwalimu?" mlinzi aliuliza.

"Sitoki. Naangalia tu."

"Haya, angalia. Kuangalia hakuhitaji kibali."

Saa sita alisimama mbele ya darasa na karatasi ya Mbona mkononi. Wino mwekundu haufutiki, kwa hiyo aliikata ile ishirini kwa mstari mmoja, akaandika sifuri, akaiinua waione.

"Jibu hili si sahihi," alisema. Hakumtazama mtu.

Alingoja ile "mbona" ya Mbona. Haikuja. Darasa zima liligeuka kumtazama binti, naye alikuwa ameinamia dawati lake. Wakaanza kurudisha riwaya, moja baada ya nyingine. Mbona alikuwa wa mwisho.

"Mwalimu, samahani," alisema kwa sauti ya chini, wenzake wasisikie. "Lile swali la karani. Naomba kubadilisha jibu langu."

"Jibu gani?"

"Nilisema ni mwoga. Sikuwa nimewahesabu watoto wake."

Akaweka kitabu juu ya vingine, akaondoka kwa adabu zote. Ugavi alikuwa amejiandaa kuzomewa, hata kutukanwa. Kuhurumiwa na mtoto wa watu ambaye yeye mwenyewe alitoka kumdhulumu, hilo lilimchoma kuliko chochote.

Alibeba riwaya zote kumi na mbili kuelekea stoo. Njia ilipita mbele ya duka, na habari zilikuwa zimeshafika.

"Mwalimu wetu!" mke wa Mkuu alimwita, uso umemchangamka. "Njoo, chukua hii ya nyumbani. Bure kabisa."

Ulikuwa mche wa sabuni, mzima, haujakatwa. Ugavi aliweka vitabu chini, akaupokea kwa mikono miwili.