Dashibodi ya Ngozi ya Ndama

Gari la Shaaban lilikuwa na injini nzuri ila halikuwa na dashibodi. Mwenye gari wa kwanza, mchimba dhahabu aliyerudi kwao, aliliacha bandani huko Geita, na mchwa wakala ubao wote wa mbele. Geji zilibaki zikining'inia kwa nyaya juu ya magoti ya dereva.

Shaaban aliuza nguo mjini Shinyanga na sasa alitaka kupeleka abiria machimboni. Dereva wake, Jilala, alikataa kushika usukani mpaka geji zisomeke. Kazi ikaenda kwa Pantaleo, seremala aliyefunzwa misheni, mzaliwa wa ukoo wa watengeneza ngoma.

"Ukiiweza hii, bodi ya lori langu jipya utaijenga wewe," Shaaban alimwambia. "Ukishindwa, lori nalipeleka Mwanza."

"Mwanza halitafika, Baba Zuwena."

Hayakuwa majigambo matupu. Pantaleo alikuwa amechoka na vitanda na milango, na mjini hapakuwa na fundi aliyewahi kuaminiwa lori zima. Nafasi kama hiyo isingemjia mara mbili.

Alichonga fremu ya mninga iliyofuata mkunjo wa gari chini ya kioo. Upande wa dereva aliweka kipande kigumu cha kushika geji. Upande wa abiria aliuacha wazi kwa nyuma, ili uwe mwepesi na nyaya zipate njia. Juu ya fremu nzima alivuta ngozi mbichi ya ndama, iliyolowekwa na kukwanguliwa manyoya, akaikaza kwa vigingi vya mti. Hakuna msumari ulioonekana. Ilipokauka, ngozi ilikuwa na rangi ya asali, bila kunyanzi hata moja.

Wakaijaribu kwenye barabara ya Ibadakuli, Shaaban akiwa kiti cha nyuma. Mjini gari lilikwenda vizuri. Walipofika kwenye vijituta vilivyochongwa na magurudumu ya mikokoteni, upande wa abiria ukaanza kulia: du-du-du, kwa sauti nzito iliyojaa.

Mwanamke aliyekuwa akipalilia mtama akainua jembe. "Ni Wagika hao au Wagalu?" akauliza kwa sauti, akidhani moja ya makundi hayo mawili ya wacheza ngoma limekuja.

"Ni seremala, mayo!" Jilala akamjibu mama huyo.

Mbele kidogo akasimamisha gari na kuzima injini.

"Geji zinasomeka?" Pantaleo aliuliza.

"Zinasomeka. Lakini geji natupia jicho tu, injini naisikiliza kwa masikio yote mawili. Beringi ikianza kugonga, geji haisemi. Na hapa sisikii kitu, ila harusi ya watu."

"Basi ni Mwanza," alisema Shaaban.

Pantaleo aligonga ngozi kwa kidole, akatega sikio.

"Sauti safi," alisema.

"Unajisifu, kijana?"

"Napima, Baba Zuwena. Nimetengeneza ngoma bila kukusudia. Ngoma hulia kwa sababu tumbo lake ni tupu. Nipe mpaka kesho alasiri."

"Ijaze pamba. Shinyanga nzima ni pamba."

"Waya ukitoa cheche, abiria atashuka na magoti yaliyoungua."

"Kwa hilo namuunga mkono," alisema Jilala.

Pantaleo alipiga randa ubao mwingine wa mninga mpaka ukafuata mkunjo wa ngozi bila kuacha mwanya. Aliupaka gundi, akaupachika kwa nyuma na kuukaza kwa kabari. Nyaya alizipitisha kwenye mfereji aliouchimba ukingoni. Alipogonga tena, kidole chake kilitoa sauti ya mlango.

Alasiri wakarudi kwenye vijituta vilevile, na safari hii Jilala aliongeza mwendo makusudi. Dashibodi ilikaa kimya. Ghafla akakunja uso, akapunguza mwendo.

"Kuna kitu kinakwaruza."

"Sasa umeharibu nini tena?" Shaaban alimgeukia Pantaleo.

"Siyo yeye." Jilala alishuka na kufungua boneti. Bolti ya kishikio cha feni ilikuwa imelegea, na feni ilikuwa imeanza kugusa rejeta. Aliikaza kwa spana, akarudi kitini. "Jana hii ingenipita. Tungejua maji yakishamwagika, huko porini njia ya Geita."

Shaaban alimgeukia tena Pantaleo.

"Hiyo bodi ya lori," alisema, "utaifunika ngozi?"

"Mbao tupu. Na kabla sijapaka rangi, Mzee Jilala atalizungusha, aniambie anasikia nini."

"Na mimi ngozi nimeshaizoea," alisema Jilala.

"Nitakuwekea kwenye kiti, uikalie."

Jilala alicheka mpaka akaegemea usukani. Shaaban hakucheka. Alimwambia ageuze gari, wawahi kupima chasisi ya lori kabla jua halijazama.