Jembe la Saga

“Tangu jembe yako iingie kwangu, nyar Sindo, nyanya zangu zimelala kama walevi,” Risper alisema, amesimama mpakani, sauti ikifika hadi barabara ya Kendu Bay.

Filister, aliyeolewa hapa kutoka Sindo, hakuwa mtu wa kunyamaza. Akamkumbusha jirani yake kwamba jembe hilo lilikuwa la saga, zamu ya wanawake kulimiana, leo kwako kesho kwangu. Na siku ya shamba la Risper, ni Risper mwenyewe aliyelishika, huku akisimulia ndoa za watu. Wakarushiana maneno hivyo, na nyuma yao nyanya zimenyauka zingali kijani, shamba hadi shamba.

Ndipo ikaingia pikipiki ya Angwenyi, afisa wa kilimo. Ndiye aliyewaletea miche hiyo akiapa kwamba haishikwi na mnyauko. Alikata shina moja, akalitumbukiza kwenye glasi ya maji. Uzi mweupe kama maziwa ukateremka. Bakteria, akasema. Wako wa koo nyingi. Miche ilijaribiwa kwa wale wa kwingine.

“Na hawa wa kwetu?” Filister akauliza.

“Wa huku bado hawajapimwa.”

Wanawake wakatazamana. Lakini Angwenyi alikuwa na wakubwa wa kuwajibu, na wakubwa hawapendi kusikia kwamba miche ndiyo iliyoshindwa. Akaeleza, kwa upole wa panya anayeuma huku akipuliza, kwamba lazima kuna shamba lililoanza. Hilo litafungiwa maji ya mfereji ili mengine yapone. Akamgeukia Risper: si ndiye aliyekuwa akipiga kelele sasa hivi? Basi amtaje mwenye kosa.

Filister alishika kiuno. Bila mfereji, shamba lake lilikuwa vumbi tu, na watoto walikula kutoka humo.

Risper akaliokota jembe pale mpakani, udongo ungali umeganda juu yake, akalitupa miguuni mwa afisa.

“Nimetaja hii. Ni ya sisi wote. Ukifunga maji, fungia wote, halafu ambia wakubwa wako wakuje kupima hii mchanga.”

“Mama, unanipeleka vibaya.”

“Bado sijakupeleka.”

Angwenyi aliwasha pikipiki, akisema jibu watalisikia. Jembe hakuligusa.

Filister alingoja vumbi litulie.

“Hiyo mdomo yako itatumaliza siku moja,” akamwambia Risper. “Ingia tule. Omena ya leo haina nyanya.”