Saini Isiyo na Muhuri

"Na huo pia," alisema Bi Verona Pinnock.

Merlene, mhudumu wa duka la kutoa nakala, aliinua pasipoti ya Jamaika, akaugeuza ukurasa kuelekea dirishani kana kwamba anatafuta uchafu. "Lakini hauna kitu, mama."

"Nimeuona. Weka kwenye mashine."

"Kwa rangi?"

"Kwa rangi."

"Rangi gani, mama? Weupe uzidi kuwa mweupe?"

Wateja wawili waliokuwa wakingoja nyuma wakacheka. Bi Verona hakugeuka. Alifyonya tu, mfyonyo mfupi wa mtu asiyetaka kupoteza mate yake, akaendelea kuhesabu kurasa kwa kidole.

Ofisi ya pasipoti ya Uingereza ndiyo iliyotaka hivyo. Raia wa nchi mbili, akiomba pasipoti mpya ya kule akiwa huku, sharti apeleke nakala ya rangi ya kila ukurasa wa pasipoti yake nyingine, hata ule usio na alama. Bi Verona aliidharau amri hiyo kwa moyo wake wote. Lakini alimdharau zaidi Merlene kwa kuishangaa. Yeye alikuwa amekaa Wolverhampton miaka arobaini na mmoja akipanga barua kwenye kituo cha posta, na alijua kwamba amri ya kijinga ndiyo inayotaka kufuatwa kwa uangalifu zaidi. Ile ya maana, mtu akiivunja anaweza kusamehewa.

Alilipa, akazipanga nakala thelathini na mbili kwenye bahasha, akatoka bila kuaga.

Hii ilikuwa mara ya pili kuomba. Mara ya kwanza bahasha ilirudi baada ya wiki saba, na aliyeirudisha, kwa hesabu za Bi Verona, alikuwa Bwana Hibbert. Uso wake wa sasa haukufanana tena na ule wa pasipoti ya zamani, maana maradhi yalikuwa yamemkausha mashavu. Basi ofisi ilitaka mtu mwenye heshima zake aandike nyuma ya picha mpya kwamba huyu kweli ndiye. Katika mji wao wa Mandeville mtu akitaka kuthibitishwa haumizi kichwa: huenda kwa mlinzi wa amani, mmoja wa wale wazee ambao serikali huwakabidhi muhuri wa chuma wa kupitishia karatasi za wenzao. Bwana Hibbert, mwalimu mkuu mstaafu, aliandika vizuri, akatia saini vizuri, kisha mkono wake ukafuata mazoea ya miaka ishirini na miwili. Ulichukua muhuri ukaibana picha kama unakamua chungwa. Duara likatokeza upande wa pili, juu ya pua na mdomo wa Bi Verona. Ofisi ikajibu kwa mstari mmoja: picha imeharibika.

Wiki saba. Katika wiki hizo mdogo wake, Linval, aliyekuwa akitunzwa katika nyumba ya wazee kule Wolverhampton, alisahau kwamba mkewe amekufa, kisha akasahau kwamba aliwahi kuwa na mke. Jumapili iliyopita Bi Verona alipompigia simu, Linval aliuliza kwa adabu sana, "Samahani, mwenzangu, wewe ni nani?" Kikapita kimya. Ndipo akasema, "Aa. Vee." Kila Jumapili kimya hicho kilirefuka. Bi Verona alitaka kufika kabla hakijakosa mwisho, na kwa pasipoti ya Jamaika asingefika: Waingereza hawampi raia wao viza ya kuingia kwao.

Ndiyo maana alirudi kwa Bwana Hibbert na picha mpya.

"Andika, tia saini, tia tarehe," alisema. "Hicho chuma usikiguse."

Bwana Hibbert alivua miwani. "Bi Pinnock, saini yangu bila muhuri ni mwandiko wa mtu yeyote."

"Ndicho wanachotaka. Mwandiko."

"Basi watafute huyo mtu yeyote. Karatasi tupu haijatoka katika mlango huu miaka ishirini na miwili. Huko kwenu sijui, lakini—"

"Kwetu ni hapa."

"Kumbe! Tangu lini? Maana kwenye kikao cha kero ya maji ulituambia kwamba kwenu maji hayakatiki."

"Umenitia pete ya fahali puani, bwana, na haya huna."

"Pete hiyo ni ya serikali."

"Basi iambie serikali ikuvue hicho chuma tuone utabaki na nini," alisema Bi Verona akisimama. "Utabaki na suruali."

Mlango ulifungwa nyuma yake taratibu, kwa heshima iliyouma kuliko kishindo.

Ndani ya gari alifungua orodha ya kazi zilizokubaliwa na ofisi, akaipitia kwa kalamu ya risasi, jina kwa jina. Mchungaji: kanisa lake alilihama baada ya Jumapili moja, akisema mtu yule anahubiri kama anayenadi samaki. Mfamasia: alimwita muuza duka aliyevaa koti jeupe, naye alisikia. Daktari wa meno: hakuwahi kumkanyagia mlango. Na sharti lilisema mtia saini awe amemjua mwombaji kwa miaka miwili au zaidi. Miaka kumi na mmoja tangu arudi Jamaika, Bi Verona alikuwa amechunga sana asijulikane na mtu.

Karibu na mwisho wa orodha paliandikwa: mwenye biashara ya maziko.

Bwana Egbert Swaby alikuwa na karakana ya majeneza chini kidogo ya nyumba yake. Bi Verona alishaandika barua tatu kwa halmashauri kulalamika kwamba gari la maiti huegeshwa mbele ya lango lake. Alimkuta akipaka vanishi kifuniko.

"Bi Pinnock! Umekuja kwa miguu yako," alisema Swaby bila kuacha brashi. "Wengi huletwa."

"Nataka saini."

"Ya barua ya nne?"

Akamwonyesha maelekezo. Swaby aliyasoma akiwa ameinamisha shingo, mikono nyuma. "Lazima niwe nakujua."

"Miaka kumi na mmoja."

"Nakujua, ndiyo. Futi tano na inchi nne. Ulipokuja ulikuwa tano na tano." Akampandisha na kumshusha kwa macho ya kazi yake. "Na wewe unanijua? Mke wangu anaitwa nani?"

Mtu wa mbao na misumari, Bi Verona alijisemea, anamtahini mtu mzima. Alikaza mkono kwenye mkoba ili aondoke, lakini miguu haikwenda.

"Sikuja kufanyiwa mtihani."

"Umekuja kuomba. Mwenye kuomba haombi hivyo. Na haraka ya nini? Wateja wangu wote hawana haraka."

"Mdogo wangu ananisahau," alisema Bi Verona, kwa ukali uleule wa barua zake. "Nikikawia nitamkuta, yeye asinikute."

Swaby aliweka brashi chini. Hakumpa pole.

"Ungeanza na hilo," alisema, "ungeniokolea nusu saa. Kesho saa nne asubuhi, kabla sijaenda kuzika. Leo mikono ina vanishi. Nikiigusa hiyo picha itarudi na dole gumba langu puani mwako. Na pasipoti yangu niitafute, naona wanataka namba."

"Saa nne kamili."

"Gari litakuwa langoni kwako. Nitatia saini juu ya boneti yake."

"Si juu ya boneti."

"Basi nenda kwa mchungaji."

Bi Verona alifyonya, safari hii mfyonyo mrefu, wenye mate ya kutosha. "Boneti iwe imefutwa," alisema.

"Kwenye fomu niandike wewe ni nani wangu? Wametaja rafiki, jirani, mfanyakazi mwenza."

"Andika jirani."

"Neno hilo nalo," alisema Swaby akirudia brashi yake, "tutapatana juu yake kesho."

Nyumbani, Bi Verona aliiweka picha ndani ya kitabu ili isikunjike, akaiacha bahasha mezani bila kuigundisha. Juu yake akaweka kalamu mbili nyeusi alizozijaribu kwanza kwenye gazeti, kwani hakuamini kwamba mchonga majeneza anaweza kuwa na kalamu inayoandika.