Lebo za Nyumbani

Mambo yaliharibika Jumatatu, tarehe kumi na saba Machi, asubuhi, saa ambazo wanyonge wameshapanga foleni na wenye vyeo ndio kwanza wanatafuta soksi. Fundi magodoro alimshika mkewe mkono, akampandisha ngazi za hospitali kama kawaida yao. Figo za mama huyo zilikuwa zimemsusa. Mara tatu kwa wiki alikaa kwenye kiti cha buluu, damu yake ikapita kwenye mashine, ikasafishwa, ikamrudia.

Siku hiyo mashine ilikuwa nzima, maji yalikuwepo na umeme haukukatika. Hata muuguzi alikuwepo, yule yule aliyejua mshipa gani unapokea sindano na upi una kiburi.

"Leo hapana, mama," muuguzi alisema. "Mfumo haukuoni."

"Haunioni?" Mke alicheka. "Na nilivyovimba hivi?"

"Sista, wewe unamwona?" fundi aliuliza.

"Namwona, baba."

"Basi muunganishe."

"Tumeambiwa asiunganishwe mtu mpaka jina lake litokee kwenye kompyuta. Mje kesho."

Kesho yake wakaja, wakaambiwa yale yale. Jumatano fundi hakuwa na mtu wa kumpandisha ngazi.

Baada ya mazishi hospitali ikamwita. Alikwenda na shemeji yake, kaka wa marehemu, mtu wa maneno laini. Fundi alikuwa na haja moja tu: atajiwe mtu. Hakutaka pole wala soda. Alitaka binadamu mwenye jina na miguu miwili, aliyesema mke wake asiguswe.

Wakaketishwa kwenye ofisi ya mkurugenzi. Fundi alibonyeza kiti kwa kiganja, mazoea ya kazi. Sponji nzito, ya bei, haibonyei hata ikikaliwa na uzembe wa miaka ishirini. Wagonjwa wa foleni kule chini walikalia vipande vya mbao.

Mkurugenzi alisafisha koo. "Mzee, tatizo lilikuwa la kiufundi. Lebo za usalama kwenye saraka za mfumo hazikuwa sahihi."

"Sema kama unaongea na mtu," fundi alisema.

Mhandisi wa kompyuta, aliyeketi pembeni na kompyuta yake mapajani, akadakia. Saraka, alieleza, ni kama makabati ndani ya kompyuta. Kila kabati lina lebo, na humo ndani kuna mlinzi anayesoma lebo tu, kilichomo hakimhusu. Mwishoni mwa wiki, kabla ya Jumatatu ile, walihamia kompyuta mpya. Makabati ya wagonjwa yakawekwa kwanza kwenye sehemu binafsi ya mhandisi, yakapata lebo za vitu vya nyumbani kwa mtu. Kisha yakahamishwa kwenda mahali pake na lebo zile zile. Programu ya wagonjwa ilipotaka kufungua, mlinzi akaona inagusa mali binafsi ya mtu, akaikatalia.

"Kwa hiyo mlinzi hakukosea."

"Hata kidogo!" Mhandisi alitabasamu kama mzazi aliyesifiwa mtoto.

"Na lebo zilijibandika zenyewe?"

Tabasamu likaingia ndani.

"Kuzirekebisha ni kazi kubwa?"

"Amri moja tu. Unaiandika, unasubiri kidogo, basi."

"Mkakaa siku mbili mnaitazama?"

Mhandisi alimtupia jicho mkurugenzi. Mkurugenzi akarekebisha tai. "Kugusa mambo ya usalama kunahitaji idhini yangu, mzee. Nilikuwa semina, simu zimezimwa."

"Semina ya nini?"

"Ya... usalama wa mifumo."

"Hongera," fundi alisema. "Bila shaka mlipewa na begi."

"Shemeji, punguza moto," kaka wa marehemu alinong'ona.

"Nikipunguza nitabaki na nini, shemeji?"

Mkurugenzi akainua mikono miwili, sauti imepakwa mafuta. "Tukubaliane ilikuwa hitilafu ya mfumo, tumwache marehemu apumzike."

"Ngoja kwanza. Hiyo kompyuta imeungwa na mashine ya damu?"

"Hapana," mhandisi alisema. "Mashine inajitegemea."

"Ingewashwa, ingesafisha?"

"Ingesafisha."

"Na kwenye hizo lebo zenu, ni wapi palipoandikwa mke wangu asiunganishwe?"

"Lebo hazijui wagonjwa, mzee. Zinajua saraka tu."

Akaitwa muuguzi. Alisimama mlangoni bila kuingia, vidole vikisokota ukingo wa aproni.

"Sista, uliniambia mmeambiwa. Mliambiwa na nani?"

"Ni agizo, baba. Tulilikuta tulipoanza kazi hapa."

"Sasa hivi lipo?"

"Lipo."

"Mfumo ukigoma tena leo mchana, yule dada aliyekaa kwenye kiti cha mke wangu utamfanyaje?"

Machozi yalimlengalenga muuguzi. "Nitamwambia aje kesho."

Hata shemeji, mtu wa maneno laini, aliacha kulainisha. Alijikuta amesimama.

Fundi alimgeukia mkurugenzi. Mkurugenzi alimtazama mhandisi, mhandisi akatazama kioo cha kompyuta yake, kana kwamba mle ndani kungetokea mtu wa kumsemea.

"Lifuteni basi," fundi alisema.

"Hatuwezi kulifuta hivi hivi," mkurugenzi alijibu. "Lazima alifute aliyelitoa."

"Haya. Alilitoa nani?"